Duvi wa nchi kavu: shajara ya mradi wa bustani, Falmouth, 2022–2023

9 Aprili 2022. Waliruka

Leo nilikuwa nageuza rundo la majani chini ya ukuta wa bustani yangu ya kukodi hapa Falmouth, Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza. Kitu kikaniruka mkononi, kikafuata cha pili, halafu pakawa kama ufuta kwenye kikaango cha moto. Nilipofanikiwa kumfungia mmoja kwenye chupa ya jemu nikamtazama vizuri. Alikuwa na urefu kama wa ukucha wa kidole kidogo na rangi ya kahawa. Mwili ulikuwa umebanwa ubavu kwa ubavu, mgongo umepinda, miguu mingi haitulii. Mimi ni mtoto wa Bagamoyo, na niliyekuwa nikimwona ni duvi, kama wale kamba wadogo sana wa baharini. Duvi mzima, yuko hai, katikati ya majani yaliyodondoka, mbali kabisa na maji.

Jina lake la kisayansi ni *Arcitalitrus dorrieni*. Ni jamii moja na kaa na kamba, lakini maisha yake yote ni ya nchi kavu. Kwao ni misitu yenye unyevu ya New South Wales, Australia. Ila jina hakulipata kwao: mwanasayansi Hunt alimwelezea kwa mara ya kwanza mwaka 1925 kwa kuwachunguza wale wa Tresco, katika visiwa vya Scilly, magharibi ya hapa, ambako ukoo wa Dorrien-Smith ulikuwa umejaza bustani yake mimea ya kutoka kusini mwa dunia. Inaaminika walisafiri ndani ya udongo wa mimea. Jike hubeba mayai na watoto kwenye mfuko chini ya kifua. Hana kiluwiluwi kinachohitaji bahari, kwa hiyo jike mmoja mwenye mayai, ndani ya chungu kimoja cha maua, anatosha kuanzisha ukoo mzima.

Tangu hapo ameenea Cornwall na Devon, amefika magharibi mwa Ayalandi (Kylemore, huko Galway, ni moja ya makazi yake ya zamani), amefika kisiwa cha Colonsay, Uskoti. Weka sehemu hizo kwenye ramani utaona zinafuata upande unaopigwa na pepo za Atlantiki, ambako baridi si kali sana na mvua haikauki. Karibu karne nzima imepita na mimea ya bustani imeuzwa kila pembe ya nchi hii. Usafiri ameupata mara nyingi mno. Basi kinachomzuia ni nini? Na je, mtu asiye na maabara anaweza kukipima kwa vyombo vya jikoni? Ndilo swali la mradi. Naandika kila hatua ili anayetaka kuiga aige, na makosa yangu asiyarudie.

Kosa la kwanza nimelifanya kabla hata ya kuanza. Nilipanga kuwachukua duvi mia moja niwaachie kwenye bustani ya rafiki yangu, pembezoni mwa nyika ya Bodmin, nione kama watapona baridi ya kule. Tafadhali asifanye hivyo mtu yeyote. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981 inakataza kumwachia porini mnyama ambaye si wa nchi hii, na hata kama isingekataza, ningekuwa nafanya kwa mikono yangu kitu kilekile ninachokichunguza. Kwa hiyo kanuni ya mradi ni moja: duvi hatoki kwenye bustani hii, na aliyeingia kwenye chupa ya majaribio harudi nje. Kitakachosafiri kwenda Bodmin ni vipimajoto.

Gharama hadi leo: sifuri.

30 Aprili 2022. Mitego imeshindwa

Nilizika makopo kumi na mawili ya mtindi, mdomo sawa na udongo, yenye maji kidogo na tone la sabuni. Hii ni njia inayojulikana ya kuhesabu wadudu wa ardhini. Kwangu imeshindwa mara tatu.

Wiki ya kwanza mvua ilijaza makopo yote. Wiki ya pili niliyawekea vifuniko vya vigae, na kirukanjia mmoja akaingia akafa. Hilo liliniuma sana, maana mnyama yule hakuwa na kosa wala hakuhusika na mradi. Wiki ya tatu nilifunika midomo kwa wavu wa matundu madogo. Mitego ikawa salama, ila ikanipa namba za uongo: usiku wenye umande duvi 40, usiku mkavu wawili. Duvi hawakuwa wamepungua, walikuwa wameshuka chini tu. Mtego unahesabu wanaotembea. Mimi nataka idadi ya waliopo.

Suluhisho: bati la keki la mraba, sentimita 25 kwa 25, nililolikata kitako. Unalishindilia chini kwa mkupuo mmoja mpaka lizame kwenye udongo, unafunika juu na kitambaa papo hapo (usipofunika wanaruka nje kabla hujapiga magoti), kisha unachota majani kidogo kidogo na kuyachekecha juu ya beseni jeupe. Nahesabu mara nne kila kiwanja na kuchukua wastani. Dakika ishirini kila bati. Ni kazi ya subira lakini namba zake zinatulia.

Jambo jingine la kujua: duvi akifa hubadilika rangi, anakuwa mwekundu kama kamba aliyetoka kwenye sufuria. Kwa hiyo usiwatambue kwa rangi. Wekundu ndio haohao wa kahawa, wameshakufa.

Bati pauni 4, kitambaa 2. Jumla pauni 6.

28 Mei 2022. Vipimajoto, na mahali pa kuviweka

Nimenunua vipimajoto sita vinavyojirekodi vyenyewe kila nusu saa, kila kimoja kama kifungo cha koti, pauni 21 kwa kimoja, na viwili vinavyopima pia unyevu wa hewa, pauni 48 kwa kimoja. Ni pauni 222, na ndiyo gharama kubwa ya mradi huu.

Cha kwanza nilikitundika kwenye mti wa uzio, usawa wa kifua, kikitazama kusini. Siku ambayo utabiri ulisema nyuzi 19 chenyewe kikaandika 43. Kilikuwa kinapima jua lililokichoma, hewa hata hakijaigusa. Nimekitengenezea kibanda cha sahani sita nyeupe za plastiki zilizopangana zikiachana kidogo, upepo upite na jua lisipite. Pauni 3.

Vile vya unyevu nilivifukia ndani ya majani. Vikaandika asilimia 100 usiku na mchana kwa siku tisa, pamoja na siku ambazo majani ya juu yalikuwa yanavunjika mkononi kama biskuti. Kipima unyevu cha hewa kikishalowa hakikwambii tena kitu. Badala yake napima majani yenyewe: nachota kiganja kimoja, nakipima kwenye mizani ya jikoni, nakikausha kwenye jiko la oveni kwa moto mdogo usiku kucha, nakipima tena. Tofauti ndiyo maji. Mizani pauni 11.

Viwanja ni vitatu, kila kimoja mita moja kwa moja, vyote chini ya ukuta uleule. A kina matandazo ya majani unene wa sentimita 8. B kina sentimita 2. C nimekifagia, udongo mtupu. Hesabu ya kuanzia, wastani wa bati: A duvi 31, B 19, C 0.

Jumla hadi leo pauni 242.

23 Julai 2022. Joto

Jumanne iliyopita, tarehe 19, Uingereza ilipata joto ambalo halijawahi kurekodiwa: nyuzi 40.3 huko Coningsby, Lincolnshire. Sisi tuko kando ya bahari na hatukufika huko. Ila tazameni kilichotokea ndani ya bustani moja, viwanja viwili vinavyoachana hatua tatu. Chini ya sentimita 8 za majani joto la juu kabisa lilikuwa nyuzi 21. Chini ya sentimita 2 lilikuwa 33.

Hesabu ya leo: A 24, B 2.

Nilitoka na tochi usiku wa Jumatano kuona B wamekwenda wapi. Wengine niliwaona wakivuka kwenda A. Wengine hawakufika. Kwenye udongo mtupu wa C, ambako hakuna anayeishi, nilihesabu kumi na moja wekundu, wameelekea upande mmoja wote, wa mbele akiwa ameachwa kama shubiri moja na ukingo wa matandazo. Niliwatazama muda mrefu. Shubiri moja ya ardhi kavu ilikuwa nchi nzima kwao.

Nilichojifunza nitakirudia mara nyingi hapa: utabiri wa hali ya hewa unampima mtu aliyesimama. Duvi anaishi sentimita tatu chini ya jani, na hali ya hewa yake ni ya huko.

3 Septemba 2022. Ukame, na maji ya kuogea

Ukame umetangazwa, na tangu tarehe 23 Agosti ni marufuku hapa Cornwall kumwagilia kwa mpira. Keni ya kumwagilia inaruhusiwa. Nilitaka kujua kama kinachowaua B ni joto au ukavu, kwa hiyo nikakigawa kiwanja B nusu kwa nusu: upande mmoja nikaumwagilia kila jioni, mwingine nikauacha. Nikaona vibaya kutumia maji ya bomba wakati majirani zangu wanabana kila tone, nikabeba maji ya kuogea.

Siku nne baadaye upande uliomwagiliwa ulikuwa na duvi wachache kuliko ule mkavu. Nilikaa na jambo hilo siku mbili, nikitafuta maelezo ya kisayansi ya ajabu, mpaka nilipoinama nikasikia harufu ya sabuni kwenye majani. Duvi anapumua kwa matamvua, kama kamba. Nilikuwa nawaogesha kwa sabuni.

Nimeondoa majani yote ya B, nikaweka mapya unene uleule, na nikaanza upya kwa maji ya mvua niliyoyakinga kwenye pipa la jirani kabla halijakauka. Majirani wamenisaidia sana. Wiki mbili za majaribio safi zimenipa hivi: upande uliomwagiliwa duvi 9 kwa bati, upande mkavu 0. Joto la pande zote mbili lilikuwa sawa, likipishana kwa nyuzi moja au mbili tu. Kwa hiyo kwenye bustani hii, kiangazi hiki, ukavu ndio uliotangulia kuua.

1 Oktoba 2022. Chupa za chumvi, na neno la mjomba

Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na inaweza kufanywa na shule yoyote. Chumvi ya mezani ukiilowesha maji kidogo hadi iwe tope, ukaifungia kwenye chupa, hewa iliyo juu yake hutulia kwenye unyevu wa takriban asilimia 75. Potasiamu salfeti, ambayo hapa inauzwa dukani kama mbolea ya bustani, inatuliza hewa kwenye asilimia 97 hivi. Maji matupu yanakaribia 100. Chupa tatu, hewa tatu, bila umeme.

Mara ya kwanza niliharibu. Niliweka duvi kwenye kisahani juu ya tope la chumvi, nikasahau kwamba duvi huruka. Waliangukia kwenye chumvi, na aliyekufa kwa chumvi hakwambii lolote kuhusu ukavu. Sasa kila chupa ina dari ya soksi ya nailoni iliyofungwa kwa mpira, sentimita tano juu ya tope, na duvi wako juu ya dari.

Nimewaweka kumi kila chupa, kivulini, nyuzi 17. Katika asilimia 75 wa kwanza aliacha kuruka baada ya saa mbili, na kufika saa ya saba wote walikuwa wamekufa. Katika 97 walikufa wawili kwa siku nzima. Katika 100 hakufa hata mmoja.

Kisha nikachukua wale wa kijivu wanaojikunja kama mpira, ambao kila mtu amewaona chini ya mawe (*Armadillidium vulgare*). Hao nao ni jamii ya kaa na kamba waliohamia nchi kavu. Kumi wakaingia kwenye asilimia 75. Kesho yake asubuhi wote kumi walikuwa wanatembea. Ukimgeuza mmoja utaona chini ya mkia wake vidoa vyeupe: ni vijifuko vya kuvutia hewa, mapafu madogo. Anaweza kujikunja akafunga sehemu zake laini ndani. Duvi hana vidoa hivyo, hawezi kujikunja, na ngozi yake haizuii maji kutoka. Tofauti hiyo ndogo ndiyo imemfikisha wa kijivu kutoka nchi za Mediterania hadi sehemu nyingi za Amerika Kaskazini, penye baridi na penye ukame, wakati duvi huku bado yuko zaidi kwenye ukingo wa Atlantiki.

Jioni ile nilimpigia mjomba Bagamoyo. Baada ya shikamoo na marahaba nikamweleza mradi wangu. Hakushangaa hata kidogo kwamba uduvi unaweza kukaa nchi kavu. Alichouliza ni: "Na upepo umeupima, mama?" Nikasema hapana, nimepima jua na maji. Akasema: "Uduvi haukaushwi na jua. Unakaushwa na upepo. Jua bila upepo utakuozea kwenye mkeka."

Miezi minne nimezunguka na vipimajoto na sijawahi kuuliza kwa nini duvi wangu wako chini ya ukuta. Kesho yake nilitengeneza viwanja viwili vipya, vyote na majani sentimita 8, kimoja nyuma ya ukuta na kingine penye uwazi ambapo upepo unapita. Baada ya siku kumi bila mvua, majani ya nyuma ya ukuta yalikuwa na maji asilimia 61 ya uzito wake. Ya kwenye upepo, asilimia 38. Joto halikupishana. Marahaba mjomba, hatua hii ni yako.

Mbolea, chumvi na soksi pauni 7. Jumla 249.

20 Desemba 2022. Jalidi

Kuanzia tarehe 7 hadi 17 tulikuwa na baridi ambayo Cornwall haiipati kila mwaka. Jalidi, ule umande unaoganda, ilikuwa nyeupe juu ya kila kitu hadi saa sita mchana. Nilikuwa nimeisubiri, na vipimajoto viwili vilikuwa tayari Bodmin kwa rafiki yangu, kama kilomita 50 kutoka hapa, kwenye mwinuko. Kule tumechekecha majani mara nyingi na hatujapata duvi hata mmoja, ingawa bustani yake ina majani mazuri kuliko yangu na mvua nyingi kuliko yangu. Ukavu basi hauelezi Bodmin.

Hewa ya Falmouth ilishuka hadi nyuzi 4 chini ya sifuri, ya Bodmin 8 chini ya sifuri. Lakini tazameni chini ya majani. Hapa, chini ya sentimita 8, haikushuka chini ya nyuzi 1.5 usiku wowote. Chini ya sentimita 2 ilifika nyuzi 1 chini ya sifuri mara tatu. Bodmin, chini ya sentimita 8, usiku wa kwanza ilikuwa nyuzi 3, wa pili 2, na kila usiku ikapungua kidogo, hadi usiku wa tano ikavuka sifuri na kubaki huko siku nne. Udongo ni kama chungu kilichoepuliwa motoni. Kina joto lililohifadhiwa, kinalitoa polepole, na baridi ya usiku mmoja haikimalizi. Nyingi mfululizo zinakimaliza. Kwa hiyo anayeiga mradi huu asiridhike na kuandika usiku uliokuwa baridi kuliko zote. Ahesabu nyingine ngapi ziliufuata.

Je, sifuri na chini yake kidogo inatosha kumuua? Kwanza nilifanya upuuzi wa kuweka duvi watano kwenye friji ya kugandishia, nyuzi 18 chini ya sifuri. Walikufa, na sikujifunza kitu, kwa sababu chini ya majani hakuna mahali hapa Cornwall panapofika huko. Nilihitaji baridi ndogo inayotulia. Nikakumbuka kwamba maji matamu yanayoganda hutulia kwenye sifuri, na maji ya bahari yanayoganda hutulia karibu nyuzi 2 chini ya sifuri kwa ajili ya chumvi. Nikateka ndoo ya maji ya bahari hapo gatini, nikagandisha nusu, nikayachanganya kuwa uji wa barafu kwenye kisanduku baridi cha kuazima. Kisanduku cha pili, uji wa barafu ya maji ya bomba. Duvi kumi kila kimoja, ndani ya vichupa vyenye jani bichi, kwa muda wa saa nane.

Kwenye sifuri walipona tisa. Kwenye nyuzi 2 chini ya sifuri walisogeza miguu wawili, na jioni yake nao walikuwa wekundu. Ni duvi kumi tu, sitaki mtu ajenge ghorofa juu yake. Ila tofauti ya nyuzi mbili kuwa ndiyo mpaka kati ya kuishi na kufa ilinifanya niiangalie ramani ya nchi hii kwa macho mengine.

Petroli ya safari nne za Bodmin pauni 56. Jumla 305.

11 Machi 2023. Waliobaki

Februari imekuwa kavu sana. Hesabu ya leo: A 14, B 0, kiwanja cha kwenye upepo 0, cha nyuma ya ukuta 12.

Nusura nifunge hesabu hapo. Kisha nikachota kwenye rundo la mboji, ambalo sikuwahi kulihesabu kwa sababu niliona si mahali pa asili. Bati moja: duvi 47. Kipimajoto nilichokitumbukiza sentimita 20 kilisoma nyuzi 14 wakati hewa ilikuwa 6. Mboji inayooza hujipasha yenyewe, na haikauki. Nilifanya kosa la kuchagua viwanja vyangu kwanza na kumtafuta mnyama baadaye. Anayeiga aanze na mahali ambapo mwaka mbaya unampeleka mnyama, hata kama ni rundo la maganda ya viazi.

29 Julai 2023. Kurudi, na maji kuzidi

Tangu Aprili nimekuwa nikipima wanavyorudi kutoka kwenye mboji, kwa vijiti vyekundu kila nusu mita. Kwenye matandazo manene walisogea mita mbili kwa mwezi, majike wenye mifuko iliyojaa wakiwa mstari wa mbele pamoja na wengine. Juni, iliyokuwa na joto kuliko Juni zote zilizokuwa zimerekodiwa nchini hapa hadi wakati huo, waligonga njia ya kokoto ya bustani, upana wa mita moja na robo, wakakomea hapo. Wiki tano njia ile ilikuwa ukuta kwao. Mvua za Julai zilipoanza walivuka usiku mmoja.

Kisha mvua ikazidi. Tarehe 15 asubuhi nilikuta sakafu ya kibanda cha zana imetapakaa wekundu. Niliwahesabu 63. Majani yalikuwa yamejaa maji, wakayakimbia wakipanda juu, wakaingia kwenye sakafu kavu ya saruji, na saruji ikawamaliza. Kwa hiyo nafasi yake ni nyembamba pande zote mbili: majani yakikauka anakufa, na yakifurika anayakimbia, akakutane na ukavu kwingine.

14 Oktoba 2023. Chungu cha Birmingham

Jirani yangu, yule wa pipa la mvua, anamtumia binti yake aliyeko Birmingham kangaga kubwa lililo kwenye chungu. Nilimwomba nilione kabla halijaondoka. Tuliling'oa, tukautikisa udongo juu ya turubai. Duvi 17, na watatu kati yao majike wenye mayai.

Birmingham iko katikati ya nchi, mbali na bahari. Kwa vipimo vyangu, bustani ya wazi ya huko ingewashinda katika Desemba kama ya mwaka jana. Lakini binti yake ana nyumba ya vioo yenye joto na pipa la mboji, na hapo ndipo vipimo vya bustani ya wazi havisaidii. Kuna duvi mwingine wa nchi kavu, *Talitroides alluaudi*, anayejulikana kutoka Shelisheli na visiwa vingine vya Bahari ya Hindi yetu, ambaye huku Ulaya huishi kwenye nyumba za vioo. Nje asingepita hata msimu mmoja wa baridi, lakini ndani kuna joto na unyevu mwaka mzima, na anaishi.

Tuliosha mizizi kwenye beseni tatu za maji mfululizo, mpaka ya tatu ikawa haina kitu. Udongo wa zamani umebaki hapa bustanini. Kangaga limefungwa kwa gazeti lenye unyevu, litapandwa kwenye udongo mpya huko liendako. Ilituchukua saa nzima. Maji ya beseni ya kwanza msiyamwage kwenye mfereji wala kwenye nyasi. Nimeyachuja kwa kile kitambaa cha bati la keki, na ndani yake nikapata wengine wanne, wadogo, weupe, ambao macho yangu yasingewaona kwenye udongo.

Wawili walioniandikia kutoka Lushoto wakiuliza kama mradi unaigika huko: ndiyo, chupa za chumvi na bati la keki vinafaa popote, na wale wa kijivu wa chini ya mawe watatosha kwa kuanzia. Kwenye ukingo wa msitu pimeni kwanza upepo na maji ya majani, ndani ya msitu na hatua ishirini nje yake.

Betri mpya pauni 4. Jumla ya mradi 309. Vipimajoto viwili vya Bodmin na vinne vya hapa vimerudi chini ya majani leo jioni, na safari hii kimoja kiko ndani ya mboji.